Droo ya Dumuzi: Mkusanyo wa Wadudu Ulioliwa na Wadudu

Kisa hiki kinahusu mkusanyo wa wadudu waliokaushwa katika chuo kimoja cha kilimo kwenye pwani ya Tanzania. Jina la chuo naliacha, kwa kuwa yaliyotokea pale yanatokea katika maabara nyingi za ukanda huu. Mkusanyo wenyewe si mkubwa: makabati mawili ya mbao, droo zenye vifuniko vya kioo, na rafu moja ya chupa za spiriti. Wengi ni wadudu wa mashambani na maghalani: panzi, nondo, chonga wanaotoboa minazi, na mbawakawa wadogo wa nafaka. Niliitwa baada ya mwalimu wa somo la wadudu kufungua droo moja kabla ya kipindi cha vitendo na kukuta safu ya pini zimesimama, wadudu hawapo.

Droo hiyo ilikuwa ya waharibifu wa nafaka. Ukiitazama kwa juu ya kioo ungedhani ni vumbi tu. Tulipoitoa na kuiweka dirishani, mambo yakawa wazi. Chini ya kila pini palikuwa na kirundo cha unga wa kahawia, laini kama ugoro. Kwa lenzi ya mkono, unga ule ulikuwa mchanganyiko wa chembe za mavi, vipande vya miguu, mabawa magumu yaliyobaki matupu, na magamba mepesi yenye manyoya na milia, yaliyopasuka mgongoni. Magamba hayo ndiyo yaliyotupa jibu. Ni ngozi ambazo buu huzivua kila anapokua, na ukiyaona mengi ujue wageni wako hawakuja jana. Kwenye kona, chini ya karatasi iliyobanduka, tukampata mmoja aliye hai: urefu wake milimita nne hivi, na mashungi ya manyoya upande wa nyuma ambayo aliyatanua mara nilipomgusa kwa ncha ya kibano.

Huyu ni Anthrenus. Kwa watunzaji wa mikusanyo ni adui wa siku nyingi. Mwaka 1761 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeviwekea viumbe majina ya kisayansi, alimpa mmoja wa ukoo huu jina la museorum, yaani wa makumbusho. Mbawakawa aliyekomaa hafiki hata milimita tano, ana madoadoa, na hana ubaya wowote: hula chavua ya maua na hupenda mwanga. Ubaya uko kwa watoto wake. Jike hutaga kwenye kitu chochote kikavu chenye asili ya mnyama, iwe sufu, manyoya, ngozi au mdudu kwenye pini. Buu akishaanguliwa hukimbia mwanga na kuendelea kula gizani kwa miezi. Kwa hiyo ukiwaona waliokomaa wamekufa kwenye kizingiti cha dirisha, usifurahi kwamba wamekufa. Hao walishamaliza kula na walikuwa wanatafuta njia ya kutoka.

Na kizingitini walikuwepo. Dada anayefanya usafi alituambia bila kuulizwa mara mbili: "Hawa nawafagia tangu masika, nikajua wanatoka kwenye maua hapo nje." Hakukosea sana. Chini ya dirisha lile kuna bustani, na mbawakawa hawa huingia na kutoka wakifuata maua. Ila hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba vidudu anavyovizoa ni habari muhimu. Katika chumba chochote chenye mkusanyo, mtu wa usafi ndiye anayeona mambo ya kwanza. Mfundishe umbo la mdudu mmoja tu na utakuwa umepata mlinzi.

Walivyoingia

Tulichora ramani ya madhara, droo kwa droo, tukaandika penye unga mwingi, penye unga kidogo, na pasipo na unga. Kazi hii haimpendezi mtu mwenye haraka, lakini bila hiyo unabaki kubahatisha. Ramani ilionyesha kwamba madhara yalipungua kadiri unavyoshuka kutoka juu ya kabati la kwanza. Juu ya kabati hilo, wakati ofisi ya mkuu ilipokuwa inapakwa rangi, liliwekwa boksi la vipepeo ambalo chuo kilipewa zawadi na mtumishi mmoja mstaafu. Lilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa.

Kwa mbele, boksi lile lilikuwa zuri. Mabawa yote yalikuwa mahali pake, rangi zinang'aa. Tulipofungua nyuma na kuwatazama vipepeo kwa chini, wengi hawakuwa na tumbo, na vifua vilikuwa vitupu, vimetobolewa kuanzia pini ilipopita. Buu hula nyama kavu ya mwili kwanza. Bawa ni gamba tupu, hana haja nalo. Ndiyo maana boksi la mapambo linaweza kutundikwa ukutani miaka mingi likisifiwa na kila mgeni huku likizalisha wadudu kimyakimya.

Droo zenyewe nazo zilikuwa na nyufa. Mbao za pwani huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kifuniko kilichofunga vizuri mwaka ule kilipotengenezwa hakifungi tena. Buu aliyetoka kwenye yai hahitaji mlango, ufa usiopitisha ukucha unamtosha.

Hapo ndipo tulipofika kwenye suala la dawa. Mzee wa maabara ameyalea makabati yale kwa mapenzi tangu enzi ambazo hakuna mtu mwingine aliyejali kama yapo. Alinitazama kwa masikitiko.

"Mwanangu, dawa imo. Nimejaza mwenyewe kila mwanzo wa mwaka."

"Naiona, mzee. Harufu yake nimeipata tangu mlangoni."

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo, hufukuza wadudu wasiingie, tena pale tu mvuke wake unapokuwa mwingi ndani ya boksi lililofungwa barabara. Katika droo yenye nyufa mvuke huishia chumbani, kwenye mapafu ya watu. Mabuu walioko ndani ya mwili wa panzi huendelea na shughuli zao. Pia ilikuwa imeleta hasara yake yenyewe: droo mbili zilikuwa zimetandikwa povu jeupe la kufungashia televisheni, na mvuke wa naftalini umelilainisha hata likabonyea na kushika pini. Kuzichomoa ilikuwa kazi ya mkono mtulivu, na miguu kadhaa ya panzi ilibaki humo.

Kuna na afya ya watu. Naftalini imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Lililo karibu zaidi nasi ni hili: watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao si wachache katika maeneo yenye historia ya malaria kama pwani yetu, wanaweza kupasukiwa chembe nyekundu za damu wakikutana nayo. Mwanafunzi anayeinamia droo kipindi kizima hajui kama yumo katika kundi hilo. Kwa maoni yangu, sababu hii peke yake inatosha kuitoa naftalini kwenye vyumba vya kufundishia, hata kama ingekuwa inaua wadudu vizuri.

Jambo jingine ni unyevu. Kiyoyozi cha chumba kilizimwa kila Ijumaa jioni ili kuokoa umeme, kikawashwa Jumatatu. Kila mwisho wa wiki hewa ya bahari ilirudi ndani, na wadudu walionyonya unyevu wakakaushwa tena kwa ghafla. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 ukungu huota, na ulikuwa umeota: nyuzi nyeupe kwenye vipapasio vya nondo na kwenye viungo vya miguu. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameweka visahani vya mchele kwenye rafu ili "unyonye maji". Mchele haunyonyi cha maana, na fukusi walishaufikia.

Nani aokolewe kwanza

Kuhusu kilichoharibu mkusanyo hapakuwa na mabishano makubwa. Mabishano yalikuja tulipoulizana tuanze na nini. Friza ilikuwa moja, watu wachache, na droo nyingi. Mkuu wa chuo alitaka vipepeo watangulie, kwa sababu ndio wanaoonyeshwa wageni. Mzee wa maabara alitaka droo ya nafaka itupwe yote, pini zioshwe na zitumike tena. "Hapa kuna mdudu gani wa kuokoa?" aliuliza, na kwa macho alikuwa na haki ya kuuliza.

Mimi nilisoma lebo.

Boksi la vipepeo halikuwa na lebo hata moja. Hakuna anayejua walikamatwa wapi, lini, na nani. Wanaweza kuwa wa Usambara, wanaweza kuwa wameletwa kutoka bara jingine kabisa. Droo ya nafaka, ile ya unga, ilikuwa na safu mbili zenye lebo zilizoandikwa kwa penseli na wino mweusi: Tabora, ghala la mahindi, tarehe ya miaka ya 1980, herufi za mwanzo za jina la mkusanyaji. Walikuwa dumuzi.

Kwa msomaji aliyezaliwa baadaye: dumuzi, ambaye vijijini aliitwa pia skania, ni mbawakawa mdogo mwenye umbo la kipande cha bomba, kichwa kimeinama chini ya kifua, mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akageuza mahindi ya magunzi na makopa ya muhogo kuwa unga, kisha akasambaa nchi nyingine. Mdudu wa Tabora wa miaka ile, mwenye tarehe yake, ni ushahidi wa uvamizi ulivyoanza. Hawezi kukusanywa tena. Vipepeo wa mapambo mtu anaweza kwenda kuwakamata wengine kesho asubuhi, tena akawaandikia lebo.

Kwa hiyo nilishikilia droo ya dumuzi itangulie, pamoja na pini ambazo hazikuwa na mdudu tena. Pini tupu yenye lebo bado inasema kwamba mtu fulani alimkuta mdudu fulani mahali fulani siku fulani. Na mara nyingi pini si tupu kweli. Dumuzi ana milimita tatu hadi nne na nusu tu, hachomwi pini moja kwa moja. Hubandikwa kwenye ncha ya karatasi ya pembetatu, na pini hupita upande mpana wa karatasi. Tulipozitazama karatasi hizo kwa hadubini, nyingi zilikuwa bado zimeshika kipande: kifua, bawa gumu lenye vinundu na mteremko wake wa nyuma ulio bapa, mguu. Bawa hilo moja linamtosha mtaalamu kumtambua mdudu, na mguu uliokauka huenda bado una vinasaba vya kupimwa. Vipande vilivyokuwa vimeanguka chini ya pini yake, penye uhakika kwamba ni vya pini hiyo, viliwekwa kwenye kichupa kidogo ambacho kizibo chake huchomwa na pini ileile. Penye shaka tuliandika "vipande, mahali havijulikani" na kuvitenga. Kuvipa lebo ya kukisia ni kosa kubwa kuliko kuvitupa.

Mkuu alikubali baada ya kuonyeshwa lebo mbili kwa macho yake.

Matibabu

Kugandisha ndiyo dawa isiyoacha sumu. Kila droo iliingizwa kwenye mfuko mzito wa plastiki, hewa ikabanwa itoke, mdomo ukafungwa kwa utepe, ndipo ikaingia friza. Kwa friza ya kawaida inayofika nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri, muda ni wiki mbili. Yenye nyuzi 30 chini ya sifuri humaliza kazi kwa siku tatu. Baridi iwe ya ghafla: wadudu wakipoozwa polepole baadhi yao hujizoesha. Wakati wa kutoa, mfuko usifunguliwe hadi droo ipate joto la chumba, ikiwezekana usiku kucha, la sivyo unyevu wa hewa ya pwani utageuka matone juu ya wadudu wako, na utakuwa umewaua mabuu ili kuukaribisha ukungu.

Friza tuliyopata ilikuwa ya kantini, na samaki walihamishiwa upande mmoja. Mfuko ukiwa umefungwa sawasawa harufu si tatizo. Umeme ndio tatizo. Kuna ujanja unaojulikana wa kuweka kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake: ukikuta sarafu imezama, friza iliyeyuka ulipokuwa haupo. Ujanja huo ni mzuri kwa samaki. Kwa wadudu haukuambii kama baridi ilipanda hadi nyuzi nane chini ya sifuri kisha ikarudi, na nyuzi nane hazitoshi. Tukanunua kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu kilichofikiwa, tukakubaliana kwamba umeme ukikatika na baridi ikapungua, hesabu ya wiki mbili inaanza upya. Mama wa kantini hakufurahi, naye nilimwelewa.

Usafi ulifuata. Unga na magamba vyote huondolewa kwa brashi laini ya kuchorea, kwa sababu ukiviacha huwezi kujua baadaye kama unga mpya ni mpya. Ukungu hukaushwa kwanza, hupigwa brashi nje ya jengo mtu akiwa amevaa barakoa, kisha hupanguswa kwa brashi iliyochovywa kwenye spiriti. Chonga wachache walikuwa wanang'aa kwa mafuta yaliyotoka mwilini. Hao walilowekwa kwenye asetoni, lebo zikiwa zimetolewa kwanza.

Pini zilikuwa na hadithi yake. Miaka fulani bajeti haikuwepo na wanafunzi wakatumia pini za fundi cherehani. Ni fupi, lebo haipati nafasi ya kukaa chini ya mdudu, na kwa hewa ya chumvi zilishika kutu hadi zikala karatasi. Pini za wadudu zina urefu wa milimita 38 hivi, na kwa pwani nunua za chuma kisichoshika kutu au usinunue. Mdudu aliyeshikwa na pini yenye kutu tulimlainisha kwanza kwenye kopo lililofungwa lenye mchanga wenye unyevu na matone ya dawa ya kuzuia ukungu, siku moja au mbili, halafu pini ikazungushwa taratibu kabla ya kuvutwa. Pini mpya iliingia penye tundu lilelile: kwa mbawakawa ni bawa gumu la kulia, ili upande wa kushoto ubaki mzima, kwa nondo na vipepeo ni katikati ya kifua.

Rafu ya chupa ilinisikitisha kuliko droo. Lebo zilizoandikwa kwa kalamu ya wino wa kawaida zilikuwa zimefutika ndani ya spiriti, na zile zilizobandikwa nje ya chupa zilikuwa zimeliwa au zimedondoka. Zilizoandikwa kwa penseli, za zamani kuliko zote, zilisomeka kana kwamba ni za juzi. Hapo hakuna friza ya kusaidia.

Baada ya hapo

Kuna makumbusho makubwa yanayodhibiti hewa ya jengo zima. Jengo la wadudu la makumbusho ya historia ya asili ya London, lililofunguliwa 2009, linatunzwa kwenye nyuzi 17 na unyevu wa asilimia 45. Chuo cha pwani kisijilinganishe na hapo, kitakata tamaa bure. Ushauri wangu ulikuwa kuacha kupigana na hewa ya chumba na kulinda boksi. Droo za dumuzi na nyingine zenye lebo kamili zilihamishiwa kwenye makontena ya plastiki ya chakula yenye mpira kwenye kifuniko, yametandikwa povu gumu lisilolainika, na ndani mna vifuko vya silika vinavyobadilika rangi vikishiba maji. Vikishiba hukaushwa kwenye oveni na kurudishwa. Kiyoyozi sasa hakina umuhimu mkubwa, na mhasibu amefurahi.

Lebo zote zilipigwa picha kabla ya kitu kingine chochote, na zinaandikwa kwenye jedwali neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia ya mwandishi wa kwanza. Hakuna boksi linaloingia chumbani bila kupita friza, liwe la mwanafunzi, la mkuu au la waziri. Mzee wa maabara ndiye anayeshika ufunguo wa sheria hiyo, na nimesikia amemrudisha mtu mmoja mlangoni.

Boksi la vipepeo liligandishwa mwisho na kurudishwa ukutani ofisini. Kwa mbele bado ni zuri. Mitego ya gundi iliyowekwa sakafuni haijakamata buu, lakini ule wa dirishani bado unapata mbawakawa mmoja mmoja, hasa mvua zinapoanza na maua ya bustani kuchanua. Tumeomba wavu wa tundu dogo kwa madirisha mawili. Ombi liko kwa mhasibu.